Kutambua na Kutibu Saratani ya Seli Bapa ya Ngozi

Saratani ya seli bapa ni aina ya saratani inayoanzia katika tabaka la juu kabisa la ngozi, ambako seli huzaliwa chini, hupanda polepole zikizidi kuwa bapa, na hatimaye hufa na kupukutika bila mtu kuhisi. Maradhi huanza pale vinasaba vya baadhi ya seli hizo vinapoharibika kiasi cha kuzifanya zigawanyike bila kikomo. Zikiwa bado zimebaki ndani ya tabaka hilo la juu, matabibu husema saratani ingali mahali pake. Zikishavunja utando mwembamba unaolitenga tabaka hilo na nyama iliyo chini, husema imepenya, na kuanzia hapo inaweza kufuata mishipa ya limfu, yaani mirija midogo inayosafirisha majimaji ya mwili, hadi kwenye tezi za shingo, kwapa au kinena, na kutoka huko hadi mapafuni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi mingi, mara nyingi miaka, na mwanzo wake wote hutokea mahali panapoonekana kwa macho. Mgonjwa anayefikishwa hospitali ya rufaa akiwa na uvimbe uliokwisha kula nusu ya sikio au shavu hakufikia hali hiyo kwa sababu ugonjwa ulijificha. Mara nyingi alikuwa akisafishiwa kidonda na kupewa dawa za kuua bakteria muda wote huo, na hakutokea aliyekata kipande cha kidonda hicho akakipeleka kupimwa.

Katika Afrika Mashariki, kundi linaloathirika zaidi ni la watu wenye ualbino, hali ya kurithi ambayo mwili hautengenezi melanini ya kutosha, yaani ile rangi inayonasa miale ya jua kabla haijafika kwenye kiini cha seli. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 16,477 wenye hali hiyo, ilhali makadirio ya kitaalamu ya mtu mmoja katika kila watu 1,400 yangetoa idadi inayokaribia mara mbili ya hiyo, jambo linalodokeza kwamba si wote walioandikishwa. Mapitio ya wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa saratani ya ngozi katika hospitali ya Bugando jijini Mwanza, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba robo tatu yao walikuwa na saratani ya seli bapa na kwamba umri wa kati ulikuwa miaka 30, wakati kwa watu weupe wa Ulaya ugonjwa huu ni wa wazee. Tofauti hiyo inaeleweka: karibu na ikweta miale ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, hufikia adhuhuri kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha kupindukia, na hufanya hivyo karibu mwaka mzima. Kwa hiyo mtoto mwenye ualbino anayecheza uwanjani bila kofia huanza kulimbikiza madhara kabla hata ya kuanza shule.

Mwenye ngozi nyeusi naye hayuko nje ya hatari, ila kwake njia huwa nyingine. Kwa watu weusi saratani hii hupenda kuota mahali ambapo ngozi imejeruhiwa na kupona vibaya kwa muda mrefu: juu ya kovu kubwa la moto, kwenye donda ndugu la muundi ambalo limekuwa likifunga na kufunguka kwa miaka, au kwenye tundu la usaha linalotoka kwenye mfupa wenye maambukizi sugu. Saratani ya namna hiyo hubeba jina la Marjolin, mpasuaji wa Kifaransa aliyeandika kuhusu vidonda vya makovu mwaka 1828, na yafaa ijulikane kwamba huwa kali kuliko ile inayoletwa na jua na huwahi zaidi kufika kwenye tezi. Kati ya kuungua na kutokea kwa saratani kunaweza kupita miaka 30, kwa hiyo mtu mzima aliyeungua utotoni hawezi kusema kovu lake limekwisha kuzoeleka. Mbali na makovu, hatari huongezwa na upungufu wa kinga unaotokana na virusi vya UKIMWI au na dawa wanazotumia waliopandikizwa figo, na pia na baadhi ya virusi vya papiloma, hasa kwenye ngozi ya sehemu za siri. Mkorogo nao unastahili kutajwa: krimu za kujichubua huondoa melanini hiyo hiyo ambayo mtu mwenye ualbino anaililia, na madaktari wa Dakar, Senegal, wamekwisha kuripoti saratani ya seli bapa kwa wanawake waliojichubua kwa miaka mingi.

Kabla ya saratani yenyewe, ngozi iliyochomwa na jua kwa miaka hutoa vibaka vidogo vyekundu au vya rangi ya ngozi, vyenye magamba makavu, ambavyo mkono huvitambua mapema kuliko jicho kwa sababu hukwaruza kama msasa. Vibaka hivyo huitwa keratosi ya jua, na ingawa kibaka kimoja kina uwezekano mdogo wa kugeuka saratani, mwenye makumi ya vibaka usoni na mikononi amebeba mashamba mazima ya ngozi iliyoharibika, ambamo saratani yaweza kuchipuka popote. Saratani iliyopenya huonekana kama kinundu kigumu chenye gamba nene katikati, au kidonda chenye kingo zilizoinuka na kukakamaa, kinachotoka damu kikiguswa na taulo, kinachoota ukoko, ukoko ukadondoka, kikaota tena bila kupona. Wakati mwingine gamba hurundikana hadi likatokeza mithili ya pembe ndogo, na watu hulichukulia kuwa sugu au chunjua. Maumivu si kigezo cha kutegemea, kwani mara nyingi hayapo mwanzoni. Yakija pamoja na ganzi au hisia ya wadudu kutambaa chini ya ngozi, huashiria kwamba seli za saratani zimeanza kufuata neva. Sehemu zinazohitaji kuangaliwa kwanza ni ncha za masikio na nyuma yake, mdomo wa chini, pua, mashavu, kisogo na shingo, mgongo wa mikono, na muundi; mdomo na sikio ni za kuogopwa zaidi, kwa sababu saratani inayoanzia hapo huwahi kusambaa.

Saratani nyingine za ngozi zina sura zao. Saratani ya seli za msingi, inayoanzia kwenye safu ya chini ya tabaka hilo hilo, huwa kinundu chenye kung'aa au kidonda kinachochimba taratibu, na karibu haisambai mbali hata ikiachwa muda mrefu, ingawa huharibu sana pale ilipo. Melanoma, ambayo kwa watu weusi hupenda nyayo na chini ya kucha, huanza kama doa jeusi linalobadilika. Saratani ya Kaposi huleta mabaka au vinundu vya rangi ya zambarau, mara nyingi miguuni na kinywani. Yote haya ni ya kujua kwa juu juu tu, kwa kuwa hata daktari bingwa wa ngozi hakubali kutoa uamuzi kwa macho peke yake.

Ukaguzi wa ngozi nyumbani ufanywe mara moja kwa mwezi, mchana, kwenye mwanga wa kutosha, na kwa mtu mwenye ualbino ufanywe na mtu mwingine wa familia. Sharti hilo la pili husahaulika katika maelekezo mengi, ilhali karibu kila mwenye ualbino ana uoni hafifu unaotokana na hali hiyo hiyo, na kumwambia ajiangalie kwenye kioo ni kumpa kazi ambayo macho yake hayaiwezi. Mke, mama au kaka apitishe ncha za vidole juu ya uso, masikio na mikono akitafuta mahali panapokwaruza, kisha apige picha kwa simu ya kila kibaka au kidonda chenye mashaka, akiweka rula au sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane, na picha hizo zihifadhiwe na tarehe zake. Daktari akionyeshwa picha tatu za miezi mitatu hapati shida kuona kama kitu kinakua.

Kanuni ya kushika ni kwamba kidonda au kinundu chochote kwenye ngozi ambacho hakijapona ndani ya wiki 4 licha ya kutunzwa vizuri kinahitaji kukatwa kipande na kupimwa, na kwa mtu mwenye ualbino au mwenye kovu la zamani la moto kanuni hiyo haina msamaha. Tatizo hujitokeza kwenye zahanati, ambako mhudumu, kwa nia njema kabisa, huandika dawa ya bakteria, na isipofaa huandika nyingine, kisha krimu ya fangasi, kisha krimu ya steroidi inayopunguza wekundu kwa siku chache na kumpa kila mtu matumaini ya bure. Kidonda cha saratani kinaweza hata kuonekana kimepata nafuu baada ya dawa ya bakteria, kwa sababu maambukizi yaliyokuwa juu yake yamepungua, huku saratani yenyewe ikiendelea. Mgonjwa aliyekwisha kutumia mzunguko mmoja wa dawa bila kupona anayo haki ya kuomba rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na ni vyema aombe kwa maneno ya wazi kwamba kidonda kina wiki kadhaa, hakiponi, na kwamba anataka kipimo cha saratani. Kwa kanda ya kaskazini mwa Tanzania, kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1992, kimewafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, na mara nyingi tabibu wa wilayani aliyepita hapo ndiye anayekitambua kidonda hicho siku ya kwanza.

Kipimo chenyewe huitwa biopsi, nacho ni kukata kipande kidogo cha ngozi chini ya sindano ya ganzi ili seli zake zitazamwe kwa hadubini. Kidonda kidogo huweza kuondolewa chote kwa mara moja, na hapo kipimo na tiba vikawa kitu kimoja. Kikubwa hukatwa kipande tu, ama kwa kisu ama kwa kifaa cha duara chenye upana wa milimita 3 au 4 kinachotoboa ngozi hadi kwenye mafuta yaliyo chini. Kazi yote humalizika kwa muda mfupi na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Imani kwamba kisu huichokoza saratani na kuifanya isambae imeenea sana na imewachelewesha wengi. Chanzo chake ni rahisi kukiona, kwani wagonjwa wengi hukatwa wakiwa wamekwisha kuchelewa, hufariki baadaye, na lawama huangukia kisu kilichokuja mwisho. Hakuna tiba ya maana inayoweza kupangwa bila kipimo hicho, kwa kuwa kifua kikuu cha ngozi, fangasi wa ndani, kidonda cha Buruli kinachosababishwa na jamaa wa bakteria wa kifua kikuu, na hata chunjua kubwa, vyote vinaweza kuiga sura ya saratani, na saratani nayo inaweza kuiga sura zao.

Mahali kipande kinapochukuliwa pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Katikati ya kidonda kikubwa mara nyingi pamejaa nyama iliyokufa na usaha, na kipande cha hapo humpa mwanapatholojia, yaani daktari anayesoma seli maabara, uozo mtupu wa kutazama. Kipande kizuri hutoka ukingoni, mahali palipoinuka na kukakamaa, na kiende chini vya kutosha ili ionekane kama saratani imepenya au la. Kwenye donda ndugu pana, kipande kimoja hakitoshi, kwani huenda saratani imeshika pembe moja tu, hivyo mpasuaji makini huchukua vipande kadhaa kutoka pande mbalimbali. Ndiyo maana jibu lisemalo kwamba hakuna saratani haliwezi kufunga shauri iwapo kidonda kinaendelea kukua: katika hali hiyo mgonjwa arudi na kipimo kirudiwe kwa kipande kikubwa na cha ndani zaidi.

Katika hospitali nyingi za wilaya hakuna mwanapatholojia, na kipande husafirishwa hadi hospitali ya kanda, mara kwa mara kikiwa mikononi mwa ndugu wa mgonjwa. Ndugu huyo ahakikishe mambo machache kabla ya kupanda basi. Chombo kiwe na mfuniko unaobana, na kipande kiwe kimezama ndani ya formalini, dawa inayozuia nyama isioze, yenye ujazo unaokaribia mara kumi ya ukubwa wa kipande. Kipande kilichowekwa ndani ya maji ya chumvi, kwenye spiriti au kwenye shashi kavu huweza kufika kikiwa hakisomeki. Jina, umri na mahali kipande kilipotolewa viandikwe kwenye chombo chenyewe, kwa kuwa mfuniko hubadilishwa kwa bahati mbaya, na fomu inayoambatana ieleze kidonda kimekuwepo kwa muda gani na kama mgonjwa ana ualbino, kovu la moto au virusi vya UKIMWI. Namba ya simu inayopatikana iandikwe pia, na tarehe ya kufuatilia majibu iulizwe hapo hapo, maana majibu mengi hupotea kwa kukosa mtu wa kuyadai.

Ripoti ya patholojia inapotoka, neno saratani peke yake halitoshi, na mgonjwa au msindikizaji wake hana sababu ya kuona haya kumwomba daktari amsomee sehemu nyingine. Ripoti kamili hueleza kama seli zimepevuka vizuri au la, kwani zile ambazo hazikupevuka hukua na kusambaa kwa kasi. Hueleza saratani imechimba kwa kina gani, na zaidi ya milimita 6 huhesabiwa kuwa hatari. Hueleza kama imeingia kwenye neva au mishipa. Na iwapo uvimbe wote uliondolewa, hueleza kama kingo ni safi, maana yake kama ukanda wa ngozi nzima umeizunguka saratani pande zote na chini. Pamoja na hayo daktari hupapasa tezi za shingo, kwapa au kinena. Tezi iliyovimba huchomwa kwa sindano nyembamba na seli zake kupimwa, kwa sababu tezi huvimba pia kutokana na maambukizi ya kidonda na si haki kumhukumu mgonjwa kwa kupapasa tu. Saratani kubwa, au iliyofika kwenye tezi, huhitaji picha ya kifua, kipimo cha mawimbi ya sauti, na pale kifaa kilipo, picha za CT ili kuona mfupa na viungo vya ndani.

Keratosi ya jua na saratani iliyo bado mahali pake hutibiwa bila upasuaji mkubwa. Njia ya kwanza ni kuigandisha kwa naitrojeni ya maji, ambayo ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri na huua seli kwa barafu. Malengelenge hutokea, ukoko ukafuata, na ngozi mpya ikajitokeza baada ya wiki chache. Njia ya pili, inayofaa pale vibaka vinapokuwa vingi, ni krimu ya fluorourasili ya asilimia 5, dawa inayoziua seli zinazogawanyika kwa kasi, ambayo kwa kawaida hupakwa mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4. Hapa ndipo wagonjwa wengi huharibikiwa, kwa sababu hawakuelezwa kwamba uso utawaka, utakuwa mwekundu na kuchubuka, na kwamba hali hiyo ni dalili ya dawa kufanya kazi. Wengi huitupa krimu siku ya saba wakiamini imewadhuru. Dawa hiyo haitumiwi na mjamzito, na anayeitumia akae mbali na jua na anawe mikono baada ya kupaka.

Kwa saratani iliyopenya, tiba iliyo bora ni kisu, na operesheni ya kwanza ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote za kuimaliza. Mpasuaji huondoa uvimbe pamoja na ukanda wa ngozi inayoonekana nzima, wenye upana wa milimita 4 hadi 6 kwa uvimbe mdogo usio na dalili mbaya, na hadi milimita 10 au zaidi kwa ule unaozidi sentimita 2, ulio juu ya kovu, au wenye seli ambazo hazikupevuka. Uroho wa kuacha kovu dogo usoni umewagharimu wengi, kwani saratani iliyobakizwa hurudi ikiwa imejichimbia chini ya kovu, ngumu kuonekana na ngumu zaidi kutolewa. Pengo dogo hushonwa moja kwa moja. Kubwa huzibwa kwa kuvuta ngozi ya jirani au kwa kupandikiza ngozi iliyotolewa pajani, na wakati mwingine mpasuaji mwerevu huliacha wazi kwa muda hadi ripoti ya kingo irudi, ili asije akaficha saratani chini ya kiraka. Kipande kilichotolewa lazima kipelekwe maabara hata kama biopsi ilikwisha kufanywa. Ripoti ikisema kingo si safi, mgonjwa arudishwe mezani mapema, asiambiwe asubiri aone kama itarudi. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, na za miguuni au mgongoni baada ya siku 10 hadi 14.

Katika nchi tajiri kuna upasuaji uliobuniwa na Frederic Mohs wa Marekani katika miaka ya 1930, ambao mpasuaji hutoa tabaka jembamba, hulitazama kwa hadubini papo hapo, na huendelea kukata pale tu palipobaki saratani. Ni njia nzuri kwa pua na kope, lakini huhitaji maabara ndani ya chumba cha upasuaji, na kukosekana kwake si sababu ya kuahirisha upasuaji wa kawaida unaopatikana leo.

Mionzi hutumika kwa asiyeweza kufanyiwa upasuaji, na pia baada ya upasuaji pale saratani ilipoingia kwenye neva au kwenye tezi kadhaa. Mgonjwa huchomwa dozi ndogo siku 5 kwa wiki kwa wiki kadhaa, jambo linalomaanisha kwamba aliyetoka Kigoma au Lindi kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni lazima apange malazi na nauli kabla ya kuanza, kwa kuwa tiba ya mionzi inayokatizwa katikati hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kwa saratani iliyosambaa, dawa zinazoingizwa kwa mshipa kama sisplatini hupunguza uvimbe kwa muda, na tangu mwaka 2018 Marekani imeidhinisha cemiplimab, dawa inayoamsha kinga ya mwili iishambulie saratani, ambayo imewasaidia baadhi ya wagonjwa kwa miaka, ila bei yake iko mbali na uwezo wa familia nyingi.

Kwa yule aliyefika akiwa amechelewa mno, bado kuna mengi ya kufanya. Harufu ya kidonda, ambayo mara nyingi humtenga mgonjwa na watu kuliko maumivu yenyewe, hupungua sana vidonge vya metronidazoli vikisagwa na unga wake kunyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa, kwa kuwa harufu hiyo hutoka kwa bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa. Morfini ya kunywa hutuliza maumivu makali, na familia isiogope kwamba mgonjwa atakuwa mraibu wa dawa za kulevya. Kinyume chake, dawa za kienyeji za kuchoma, majivu, na michanganyiko inayokula nyama huunguza juu na kuacha saratani chini, huku zikimharibia mpasuaji kingo ambazo angezihitaji. Mwenye imani na mganga wake aendelee naye kwa mengine, lakini kidonda akifunike kwa shashi safi tu hadi siku ya upasuaji.

Kinga kwa mwenye ualbino hutegemea nguo kuliko krimu. Shati la mikono mirefu la kitambaa kilichofumwa kwa kubana, suruali au sketi ndefu, na kofia yenye ukingo mpana pande zote inayofunika masikio na kisogo hulinda siku nzima bila kupakwa upya, wakati kapelo huacha masikio wazi, mahali pale pale saratani inapopenda. Shule inayomzuia mwanafunzi mwenye ualbino kuvaa kofia au mikono mirefu kwa kisingizio cha sare inafanya kosa la kitabibu. Losheni ya kuzuia jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, kwa sharti kwamba inapakwa kwa wingi, dakika kadhaa kabla ya kutoka, na kurudiwa kila baada ya saa 2. Inayopakwa kidogo kama mafuta ya manukato hufanya kazi ndogo sana. Losheni ya KiliSun, iliyobuniwa kwa ajili ya ngozi ya watu wenye ualbino, hutengenezwa Moshi na kugawiwa kupitia kliniki za ngozi, na nchini Kenya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wake wa kugawa losheni. Kazi za shambani na sokoni zipangwe kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni kadiri riziki inavyoruhusu. Utafiti wa Australia ulionyesha mwaka 2015 kwamba nikotinamidi, aina ya vitamini B3, miligramu 500 mara 2 kwa siku, ilipunguza saratani mpya kwa asilimia 23 kwa watu waliokwisha kuugua, lakini waliochunguzwa hawakuwa watu wenye ualbino, kwa hiyo ni jambo la kumuuliza daktari na si la kununua dukani kwa uamuzi wa mtu mwenyewe. Kwa mwenye kovu la moto au donda ndugu, kinga ni kulifunga donda mapema, hata kwa kupandikiza ngozi, badala ya kulifungia bandeji mwaka hadi mwaka.

Baada ya tiba, saratani nyingi zinazorudi hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza, kwa hiyo mgonjwa aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika kipindi hicho, kisha angalau mara moja kwa mwaka, na kila mara kovu lipapaswe, tezi zipapaswe, na ngozi yote itazamwe, maana aliyepata saratani moja ya jua yuko kwenye hatari kubwa ya kupata nyingine mahali pengine. Nakala za ripoti zitunzwe nyumbani pamoja na kadi ya kliniki, na namba ya maabara iliyo juu ya ripoti inakiliwe pembeni, kwa sababu maabara huhifadhi kipande kilichozamishwa kwenye nta kwa miaka, na daktari mwingine akitaka kukisoma upya, kinaweza kukatwa tena huko huko bila mgonjwa kuguswa na kisu.